Protini ya CEA katika Saratani ya Utumbo Mpana: Kazi Yake, Mipaka Yake na Namna ya Kuieleza kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjini Kisangani karatasi ya majibu ya maabara huandikwa kwa Kifaransa. Mgonjwa aliyepimwa damu kwa sababu ya maradhi ya utumbo anaweza kuipokea karatasi hiyo ikiwa na herufi tatu, ACE, na kando yake namba, tuseme 7.4. Herufi hizo ni ufupisho wa jina la Kifaransa la protini ambayo katika nchi zinazotumia Kiingereza hujulikana kama CEA. Protini ni ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio wa maneno katika lugha hizo mbili. Mgonjwa huyo akisafiri hadi Kampala kutafuta matibabu, mtu atakayeisoma karatasi yake huko anaweza kufikiria kitu kingine kabisa, kwa sababu katika Kiingereza herufi ACE ni ufupisho wa jina la kimeng'enya kinachohusika na kanieneo ya damu.

Mkanganyiko huu wa herufi huondoka kwa swali moja. Ulio mzito zaidi ni ule unaotokana na namba yenyewe. Mgonjwa anapoipokea karatasi huuliza jambo moja tu: je, nina kansere au sina? Namba ya CEA haikukusudiwa kujibu swali hilo, wala haina uwezo wa kulijibu. Ina kazi nyingine, yenye manufaa makubwa pale inapotumiwa ipasavyo. Kazi hiyo isipoelezwa kwa lugha anayoielewa mgonjwa, mtu mzima anaweza kuishi na hofu isiyo na msingi, na mgonjwa wa kweli akarudi nyumbani akiamini kwamba amepona.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza protini hii ni nini, iligunduliwaje, na kwa nini haitafuti ugonjwa bali huufuatilia. Pili, yanachunguza maneno ya Kiswahili yanayoweza kutumiwa kuieleza, hususan katika mji kama Kisangani ambapo daktari husoma kwa Kifaransa, na mgonjwa huzungumza Kiswahili au Kilingala. Tutaonyesha kwamba suala la istilahi hapa si pambo la kitaaluma: ni sehemu ya matibabu yenyewe.

2.0 Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Huanzia pale utumbo mwembamba unapokoma, upande wa kulia wa tumbo chini, ukapanda, ukakata tumbo kwa upana, ukateremka upande wa kushoto na kuishia katika puru, yaani kipande kilicho karibu na tundu la haja kubwa. Saratani za utumbo mpana na za puru hujadiliwa pamoja kwa sababu chanzo na mwenendo wake hufanana sana.

Kwa kawaida saratani hii huanza kama kinundu kidogo kwenye utando wa ndani wa utumbo. Vinundu vingi havina madhara. Vichache hubadilika polepole, mara nyingi kwa muda wa miaka kumi au zaidi, hadi seli zake zinapoanza kupenya ukuta wa utumbo, kuingia katika mishipa ya limfu na ya damu, na hatimaye kuota mahali pengine. Ini ndilo huathirika mara nyingi zaidi, kwa kuwa damu itokayo utumboni hupita kwanza huko.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 900,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa hao wako nje ya Afrika. Jambo hili lilimvutia Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966. Burkitt anajulikana zaidi kwa uvimbe wa watoto uliopewa jina lake, lakini baadaye alijishughulisha na swali jingine: kwa nini wakazi wa vijijini katika Afrika hawakuonekana kuugua saratani ya utumbo mpana kwa kiwango kilichoonekana Ulaya na Marekani? Katika makala aliyoichapisha mwaka 1971 alitoa hoja kwamba sababu kuu ni chakula. Chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, alisema, hupita utumboni upesi na kufanya kinyesi kiwe kingi na laini, na hivyo utumbo haukai muda mrefu pamoja na vitu vyenye madhara. Hoja yake imejadiliwa na kurekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, ila msingi wake, kwamba chakula kina uhusiano na saratani hii, haujatupwa.

Mkazi wa Kisangani anayekula sombe na ndizi za kupondwa kila siku asiichukulie hoja ya Burkitt kama kinga. Uchache wa ugonjwa si kutokuwapo kwake. Tena, ugonjwa ulio mchache katika fikra za watu huchelewa kutambuliwa. Mtu akiona damu katika choo chake, ni rahisi yeye na jirani zake, na hata mhudumu wa afya, kufikiria kwanza amiba au bawasiri, kwa kuwa hayo ndiyo maradhi yanayojulikana. Dawa hutolewa, damu hukoma kwa muda, kisha hurudi. Hali hii ya kuchelewa ndiyo inayofanya kipimo cha damu kionekane kama mkombozi. Ingekuwa raha iliyoje kama tone la damu lingeweza kutuambia lililomo ndani ya utumbo. Matumaini hayo si ya Kisangani peke yake. Yalikuwapo Montreal na Boston pia, na historia ya CEA ni historia ya matumaini hayo kupanda, kushuka, na mwishowe kupata mahali pake panapofaa.

3.0 Ugunduzi wa CEA na tabia zake

Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, watafiti Phil Gold na Samuel Freedman walitangaza ugunduzi uliotokana na jaribio lenye mantiki nyepesi. Walichukua tishu za saratani ya utumbo mpana na tishu nzima za utumbo wa mgonjwa yule yule. Waliwadunga sungura kwa maji yaliyotengenezwa kutokana na tishu za saratani, na miili ya sungura ikatoa kingamwili dhidi ya vitu vyote vilivyomo. Kisha wakaichanganya majimaji ya damu ya sungura hao na tishu nzima, ili kingamwili zote zinazohusiana na utumbo wa kawaida zinaswe na kuondolewa. Zilizobaki zilikuwa kingamwili zinazotambua kitu kilichomo katika saratani peke yake, au ndivyo ilivyodhaniwa.

Walipoendelea kutafuta, waliona kwamba kitu hicho hicho kimo pia katika utumbo wa vijusi vya miezi ya mwanzo ya mimba. Ndipo wakakipa jina linalounganisha mambo mawili: saratani na kiinitete. Wazo lilikuwa la kusisimua. Ilionekana kana kwamba seli ya saratani imerudi utotoni, na inatengeneza tena kitu ambacho mwili wa mtu mzima ulikwisha kuacha kukitengeneza.

Leo tunajua kwamba mambo ni tofauti kidogo. CEA ni protini iliyounganishwa na sukari nyingi. Sukari hizo huchukua karibu nusu ya uzito wake au zaidi. Jeni inayoiongoza iko katika kromosomu ya 19. Kazi yake inahusiana na namna seli zinavyoshikamana. Na utumbo wa mtu mzima mwenye afya nao huitengeneza, ingawa kwa kiasi kidogo. Tofauti kubwa iko katika njia inayoifuata. Katika utando wa kawaida, seli zimepangwa kwa utaratibu, upande mmoja ukitazama ndani ya mfereji wa utumbo na upande mwingine ukitazama damu. CEA hukaa upande wa mfereji, na inapobanduka hutoka pamoja na kinyesi. Katika saratani utaratibu huo huvurugika. Seli hupoteza mwelekeo wake, protini hutolewa pande zote, na sehemu yake huingia katika limfu na damu. Kwa hiyo, kuongezeka kwa CEA katika damu ni ishara ya ukuta uliovunjika pamoja na wingi wa seli zinazoitengeneza.

4.0 Kwa nini CEA haifai kutafutia ugonjwa

Mwaka 1969 Gold na wenzake walitoa njia ya kupima protini hii katika damu kwa kutumia kemikali zenye mnururisho. Matokeo yao ya kwanza yalishangaza ulimwengu wa tiba: kati ya wagonjwa 36 wa saratani ya utumbo mpana, 35 walionekana kuwa nayo. Kwa muda mfupi ilidhaniwa kwamba kipimo cha saratani kwa tone la damu kimepatikana.

Watafiti wengine walipokirudia kipimo hicho kwa wagonjwa wengi zaidi, dosari mbili zilijitokeza. Ya kwanza ni kwamba wagonjwa wengi wenye saratani changa, ile ambayo bado haijatoka nje ya ukuta wa utumbo, wana kiwango cha kawaida. Hao ndio hasa ambao kipimo cha kutafutia ugonjwa kingepaswa kuwapata, maana upasuaji ungeweza kuwaponya. Aidha, baadhi ya saratani haziitoi protini hii kwa wingi hata zinapokuwa zimekomaa.

Dosari ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. CEA hupanda kwa watu wasio na saratani. Wavuta sigara huwa na kiwango cha juu kuliko wasiovuta. Homa sugu ya ini, ini lililosinyaa na kuwa gumu, uvimbe wa kongosho, vidonda vya tumbo na maradhi ya muda mrefu ya uvimbe wa utumbo vyote vinaweza kuipandisha. Ini ndilo linaloisafisha protini hii kutoka katika damu, hivyo ini linapougua protini hurundikana. Katika nchi kama Kongo, ambako homa ya ini aina ya B si ugonjwa mgeni, jambo hili lina uzito wa pekee. Vilevile saratani nyingine, kama za mapafu, matiti, kongosho na tumbo, zinaweza kuongeza CEA. Kwa hiyo namba kubwa haisemi ni kiungo gani kinachougua, na wala haisemi kwa hakika kwamba kuna saratani.

Mfano wa hesabu utasaidia kuonyesha ukubwa wa tatizo. Namba zifuatazo ni za kubuni. Tuseme tunawapima watu 10,000 wanaojiona wazima, na kati yao 20 wana saratani ya utumbo bila kujua. Tuseme tena kwamba kipimo kinawatambua nusu ya wagonjwa, na kinakosea kwa watu 5 tu katika kila 100 walio wazima. Kwa kipimo chochote, hizo si sifa mbaya sana. Wagonjwa 10 watatambuliwa. Lakini wazima ni 9,980, na asilimia 5 yao ni 499. Kwa jumla watu 509 wataambiwa kwamba namba yao imezidi, na miongoni mwao ni 10 tu walio wagonjwa, yaani takriban mmoja katika kila 51. Wale wengine 499 watatumia fedha, watasafiri, watauza mali, na watalala bila usingizi. Wakati huo huo wagonjwa 10 watakuwa wameambiwa kwamba hawana tatizo. Hao ndio wanaoumizwa zaidi, kwa sababu mtu aliyehakikishiwa uzima hupuuza dalili.

Kwa sababu hizi, mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1980 ulipendekeza kwamba CEA isitumiwe kutafutia saratani miongoni mwa watu wasio na dalili. Msimamo huo haujabadilika hadi leo. Anayeshukiwa kuwa na saratani ya utumbo huchunguzwa kwa njia nyingine: hupimwa kinyesi ili kuona kama kina damu isiyoonekana kwa macho, huangaliwa ndani ya utumbo kwa mrija wenye taa na kamera, na akionekana na uvimbe, kipande chake hukatwa na kutazamwa kwa hadubini. Hadubini ndiyo inayotoa jibu. Hakuna namba ya CEA, iwe ndogo au kubwa, inayoweza kuchukua nafasi yake.

5.0 Kazi yake halisi: kufuatilia

Baada ya kushindwa katika kazi ya kutafuta, CEA ilionekana kuwa na thamani katika kazi nyingine. Mtu akishajulikana kwa hakika kuwa ni mgonjwa, na kabla hajapasuliwa akawa na kiwango kikubwa, namba yake inakuwa kama uzi wa kumfuata. Uvimbe wote ukiondolewa, kiwango hutarajiwa kurudi katika hali ya kawaida kwa muda wa wiki nne hadi sita. Kisipokwenda chini, kuna sababu ya kushuku kwamba baadhi ya saratani imebaki. Kikishuka kisha kikaanza tena kupanda, pengine saratani imerudi, na mara nyingi ishara hii huonekana miezi kadhaa kabla ya mgonjwa kuhisi maumivu yoyote.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu mmoja wa Makiso. Kabla ya upasuaji CEA yake ni nanogramu 42 katika kila mililita moja ya damu. Wiki sita baada ya upasuaji ni 2.8. Miezi mitatu baadaye ni 3.1, kisha 2.9, kisha 6.4, na baada ya mwezi mmoja 11.9. Ukiitazama namba 6.4 peke yake huwezi kuamua lolote, maana mvuta sigara mzima anaweza kuwa nayo. Ukiitazama katika mfululizo wake, baada ya 2.8, 3.1 na 2.9 na kabla ya 11.9, inakuwa na maana nzito. Kinachosomwa ni mwenendo wa namba. Hii ndiyo sababu kipimo cha kabla ya upasuaji ni cha lazima: bila mwanzo, mfululizo hauna pa kuanzia.

Mpaka unaotumiwa na maabara nyingi ni nanogramu 5 katika mililita. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 na mtandao wa Cochrane ulionyesha kwamba kwa mpaka huo, kati ya wagonjwa 100 ambao saratani yao imerudi, CEA huwatambua 71, na kati ya 100 ambao haijarudi, 88 huonekana kwa usahihi kuwa hawana tatizo. Maana yake ni kwamba hata katika kazi inayoifaa zaidi, protini hii huwakosa watu 29 katika kila 100 na kuwatisha bure 12. Kwa sababu hiyo namba iliyopanda hurudiwa kupimwa kwanza, kisha mgonjwa hupigwa picha za ini, tumbo na mapafu kabla ya uamuzi wowote.

Kuna sharti jingine ambalo ni rahisi kusahauliwa. Vifaa vya viwanda mbalimbali haviipimi CEA kwa namna moja, hivyo namba ya maabara moja hailingani moja kwa moja na ya maabara nyingine. Mgonjwa akipimwa mara ya kwanza Kisangani, mara ya pili Kinshasa na mara ya tatu Kampala, kupanda kwa namba kunaweza kutokana na safari tu. Inafaa maabara iwe ile ile, au angalau jina la kifaa liandikwe kwenye karatasi. Aidha, mwanzoni mwa matibabu ya dawa za saratani kiwango kinaweza kupanda kwa muda bila ugonjwa kuongezeka.

Je, ufuatiliaji huu huokoa maisha? Jibu la haki ni la tahadhari. Utafiti uliofanyika katika hospitali 39 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 uliwahusisha watu 1,202 waliokwisha kupasuliwa. Miongoni mwa wale waliofuatiliwa kwa uchache, asilimia 2.3 walipata kupasuliwa tena kwa nia ya kuwaponya baada ya saratani kurudi. Miongoni mwa waliofuatiliwa kwa CEA, walikuwa asilimia 6.7. Tofauti hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, utafiti haukuonyesha kwamba kwa jumla waliofuatiliwa sana waliishi zaidi. Tunajifunza kwamba faida ya namba hutegemea hatua inayoifuata. Mahali ambapo hakuna mashine ya kupiga picha za ini, wala mpasuaji awezaye kuondoa kipande chake, kumwambia mgonjwa kwamba namba imepanda ni kumpa mzigo bila kumpa njia ya kuutua. Ni haki yake kujua kabla ya kulipia kipimo kwamba jibu litawezesha hatua fulani au halitaiwezesha.

6.0 Suala la istilahi

Kiswahili kilifika Kisangani pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Mwaka 1887 Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana wa eneo la Maporomoko ya Stanley. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Mjini Kisangani kinaishi bega kwa bega na Kilingala, wakati Kifaransa kimeshika Chuo Kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1963, na vyumba vya hospitali. Daktari anayemweleza mgonjwa habari za CEA hufasiri papo kwa papo, na hapo ndipo mitego hujitokeza. Tutaitaja minne.

Mtego wa kwanza ni wa sarufi. Kiswahili Sanifu hutofautisha "kipimo cha damu cha saratani" na "kipimo cha saratani ya damu" kwa upatanisho wa viunganishi. Katika fungu la kwanza saratani iko popote na damu ndiyo inayopimwa. Katika la pili ugonjwa wenyewe uko katika damu. Katika Kiswahili cha Kisangani, kama katika lahaja nyingine za mashariki ya Kongo, kiunganishi "ya" hutumika kwa ngeli nyingi, na tofauti hiyo hufifia. "Kipimo ya damu ya kansere" inaweza kusikika kana kwamba damu yenyewe ina kansere. Mgonjwa wa utumbo anaondoka akiamini kwamba ana ugonjwa wa damu, pengine wa kuambukiza au wa kurithiwa na watoto wake. Tiba ya mtego huu si kumsahihisha mgonjwa sarufi yake. Daktari aache mfuatano wa viunganishi na atumie sentensi kamili: "Tunachukua damu ili tujue kama ugonjwa wa utumbo umetulia."

Mtego wa pili uko katika neno "kipimo" lenyewe. Kwa msikilizaji wa kawaida, kipimo cha malaria huonyesha malaria na kipimo cha ujauzito huonyesha ujauzito. Ukisema "kipimo cha saratani" umekwisha kuahidi kwamba kitaonyesha saratani. Wataalamu hutumia kwa vitu vya namna hii neno lenye maana ya alama. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuchagua. "Kitambulishi" lina udhaifu ule ule, kwa kuwa kinachotambulisha hudai hakika. "Dalili" tayari ni mali ya mgonjwa: ni kile anachokihisi au kukiona mwilini mwake. "Kiashiria" linafaa zaidi, kwa kuwa kuashiria ni kuonyesha upande bila kuthibitisha. Tunapendekeza istilahi "kiashiria" kwa kundi zima la protini hizi, na "kiashiria cha ufuatiliaji" kwa CEA, ili kazi yake ionekane ndani ya jina. Jina kamili la protini linaweza kuwa "antijeni ya saratani na kiinitete", na kila linapoandikwa mara ya kwanza herufi CEA na ACE zitajwe zote mbili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Njia ya kuunda istilahi za namna hii ilikwisha kufunguliwa.

Mtego wa tatu ni maneno "chanya" na "hasi". Katika maabara, jibu chanya ni kuwapo kwa kinachotafutwa, yaani habari mbaya. Katika magazeti na hotuba, "matokeo chanya" ni habari njema. Kwa CEA, ambayo ni kiasi kinachopimwa, maneno haya hayahitajiki. Inatosha kusema "imepanda", "imeshuka" au "imekaa pale pale", na maneno hayo yana faida ya kulazimisha ulinganisho: imepanda kutoka wapi?

Mtego wa nne ni jina la ugonjwa. "Saratani" ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, kama ilivyo asili ya jina la ugonjwa huu katika Kigiriki na Kilatini. Kisangani husikika zaidi "kansere", kutoka Kifaransa. Hakuna sababu ya kumlazimisha mgonjwa wa Mangobo aseme saratani. Jambo hili hufanana na neno "mganga": Dar es Salaam humletea msikilizaji picha ya mtaalamu wa tiba za jadi, ilhali "munganga" wa mashariki ya Kongo ni daktari wa hospitali. Istilahi sanifu ni ya vitabu na karatasi zinazovuka mipaka; kitandani pa mgonjwa neno lake ndilo linaloongoza, mradi tu maana isipotee.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba CEA ilianza safari yake mwaka 1965 kama tumaini la kuitambua saratani ya utumbo mpana mapema, na kwamba tumaini hilo halikutimia kwa sababu protini hii huwakosa wagonjwa wa mwanzo na kuwatuhumu wazima. Tumeona pia kwamba ina manufaa kwa mtu ambaye ugonjwa wake umethibitishwa kwa njia nyingine, namba zake zinaposomwa kwa mfululizo, katika maabara moja, na penye uwezo wa kuchukua hatua.

Kwa upande wa lugha, tunapendekeza kwamba katika kufundisha wanafunzi wa tiba mjini Kisangani, somo la kueleza majibu ya maabara kwa Kiswahili lipewe nafasi yake, na wataalamu wa lugha wa Chuo Kikuu washirikishwe katika kulitayarisha. Karatasi ya majibu ya CEA ingefaa kuwa na sentensi mbili za Kiswahili chini ya namba. Ya kwanza: "Namba hii peke yake haionyeshi kama una kansere au huna." Ya pili: "Itunze karatasi hii, uje nayo kila mara unapopimwa, ili namba zilinganishwe." Sentensi hizo mbili hazihitaji kifaa kipya wala fedha nyingi, na mgonjwa mwenye namba 7.4 angezisoma kabla hajafika nyumbani.